Shajara ya tangi la samaki, Tabata: maji safi yaliyoua

Jumamosi, 14 Juni

Tangi limefika kwa bajaji kutoka Buguruni, limelazwa juu ya godoro la mtoto, na mimi nimelikumbatia njia nzima kama mgonjwa. Urefu sentimita 70, upana 35, kimo 40, kioo cha milimita 6. Nikilijaza mpaka sentimita 34 linachukua lita 83. Toa mchanga na mawe, tuseme 80.

Fundi kioo ni kijana wa heshima, ila tulivutana kwenye gundi. Yeye alishika tyubu ya silikoni ya bafuni: "Hii haioti ukungu, mzee." Nikamwambia ndiyo maana siitaki. Kinachozuia ukungu mle ni dawa, na dawa ile hutoka taratibu ikaingia majini. Tumetumia ile ya kawaida, inayonuka siki wakati inakauka. Uzuri wake ni kwamba pua yenyewe inakuambia: siki ikinuka, bado, ikiisha, tayari. Leo usiingize kichwa mle ndani, macho yatakutoka machozi.

Ninachokitaka ni brevis, Neolamprologus brevis, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono. Dume na jike huweza kulala kombe moja. Nimemwona mara moja kwa jamaa wa Kinondoni na sijapata usingizi mzuri tangu hapo. Lakini si samaki wa kujifunzia, kwa hiyo watatangulia gapi, wale samaki wadogo wa mapambo.

Alhamisi, 19 Juni

Harufu ya siki imekwisha. Nimejaza tangi barazani, nikatandika magazeti chini yake na kuliacha usiku mzima. Asubuhi magazeti makavu. Maji yale nimemwagia maua.

Mchanga nimenunua kiroba kimoja kwa wauza mchanga wa ujenzi, nimetumia nusu, nusu nyingine nimeisukumia chini ya ngazi. Nimeuosha kwenye beseni mpaka mkono ukachoka. Hesabu niliiachia ndoo ya kumi na moja. Sabuni haikugusa kitu. Hata beseni ni jipya, maana beseni la kufulia lina sabuni iliyokwishaingia kwenye plastiki, huiondoi kwa kusuuza.

Mawe ni ya matumbawe, yale yale ya kujengea misingi huku pwani. Ukiyadondoshea siki yanachemka: nimeweka tone moja, likatoa povu jembamba jeupe na mlio kama wa soda iliyofunguliwa mbali. Hiyo ni chokaa. Kwa mtu anayefuga samaki wa mito ya Amazoni jiwe hili ni uchafu, linapandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) na ugumu wa maji. Kwangu ni zawadi, kwa sababu maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Uchafu wa mwenzio, dawa yako.

Makombe tumeokota Kunduchi na watoto. Moja lilikuwa bado na mwenyewe ndani, amekufa zamani. Nimeyachemsha yote dakika ishirini kwenye sufuria kuukuu. Nyumba ilinuka kama soko la samaki la Feri saa nane mchana, na mama watoto ameniuliza kwa upole kama ile sufuria nina mpango wa kuirudisha jikoni. Sina.

Jumapili, 22 Juni

Maji. Jirani ana kisima na alinipa bure. Nimeonja: chumvi. Sabuni haitoi povu. Watu hudhani maji ya chumvi ya visima vya Dar na maji magumu ya Tanganyika ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ziwa lile lina kabonati nyingi, kisima hiki kina chumvi ya bahari. Nimeshukuru, nikachukua ndoo moja kwa adabu, nikasuguia ngazi.

Nimetumia maji ya bomba, yale yanayotoka Mto Ruvu. Yana klorini, na klorini inachoma mashavu ya samaki na kuua bakteria tunaowahitaji. Nimeyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili huku pampu ya hewa ikiyakoroga, kisha nikatia na matone ya kuondoa klorini, kwa woga tu. Ndoo moja nimeifunika nikaiweka akiba stoo. Sikujua kwamba ndoo ile ndiyo itakayokuja kutoa ushahidi.

Chujio ni la sponji, linaendeshwa na hewa. Nyuzi 25. Kipupwe kimeingia.

Jumamosi, 28 Juni

Maji yamekuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Hili nalijua, ni bakteria wameshangilia chakula. Nilikuwa natia ukucha mmoja wa chakula cha samaki kila jioni ili kioze kitoe amonia. Siligusi. Kwenye mabaki ya chakula imeota pamba ya kuvu, nayo siigusi.

Jamaa wa Kinondoni kanipa konokono, wale wembamba wa kuchimba mchanga. Tisa.

Jumamosi, 5 Julai

Maji yameng'aa yenyewe. Amonia 2 (miligramu kwa lita), naitraiti imeanza kuonekana. Mzunguko unakwenda: bakteria wanageuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo kali.

Leo nimeongezea chujio kokoto ndogo za matumbawe ili bakteria wapate nyumba kubwa zaidi. Zilikuwa zinaingia kwenye bomba na kuziba hewa, basi nimeshona kifuko: kipande cha sentimita 20 kwa 40 cha chandarua kuukuu kilichochanika, nikakikunja na kukipiga uzi pande mbili. Nilikifua mara tatu kwanza, nikasuuza mpaka maji yakawa hayana povu. Kimekaa vizuri kweli. Nimepiga picha.

Jumapili, 20 Julai

Amonia 0. Naitraiti 0. Naitreti 20. Wiki nne kamili. Saa kumi jioni nimeshusha gapi sita, baada ya kuuacha mfuko wao uelee tangini nusu saa na kuwachanganyia maji kidogo kidogo.

Saa kumi na mbili walikuwa wanakimbia. Si kucheza, kukimbia: anapiga kioo, anageuka, anapiga kioo cha upande wa pili. Saa moja mmoja alikuwa anazunguka kama parafujo, kichwa chini. Saa mbili watatu wamelala ubavu juu ya mchanga, mashavu yanapiga haraka haraka. Niliwahamisha watatu waliobaki kwenye maji ya ndoo ya stoo. Mmoja ndiye ameona asubuhi.

Nimepima tena usiku ule ule. Amonia 0, naitraiti 0. Karatasi za vipimo zinaniambia maji ni safi.

Jumatano, 23 Julai

Nimekaa na kalamu. Konokono wote tisa wanatembea, na wamezaa. Hilo peke yake linaondoa shaba: shaba ingeanza na konokono. Gapi walikufa kwa mishipa ya fahamu, si kwa kukosa hewa. Anayezunguka kama parafujo hana shida ya pumzi, ana shida ya kichwa.

Nimefanya jaribio ambalo halina gharama. Chini ya chungu cha ua kulikuwa na kisahani chenye viluwiluwi vya mbu (najua, najisuta mwenyewe). Viluwiluwi kumi kwenye chupa ya maji ya tangi. Kumi kwenye chupa ya maji ya ndoo ya stoo, yale yale ya bomba, matone yale yale, ila hayajawahi kuingia tangini. Nimefunga midomo kwa kipande cha kanga wasije wakatoka na mbawa. Kijana wangu wa darasa la tano ndiye karani.

Baada ya saa tatu: chupa ya ndoo, kumi wanapinda na kupindua. Chupa ya tangi, wanane chini, wawili wanatetemeka. Kwa hiyo bomba si mkosaji. Sumu imeingilia ndani ya tangi. Na ni sumu ya wadudu.

Nikageuka nikatazama kopo la dawa ya mende juu ya friji.

Jumatano hiyo hiyo, usiku

Tumegombana. Pampu ya hewa inakaa chini ya meza, inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini saa ishirini na nne. Ukipuliza dawa ya mende jikoni, pampu inaimeza na kuitema kwenye tangi. Hilo ni kweli kabisa na limeua samaki wa watu wengi. Mama watoto anasema hajapuliza tangu Mei. Sikumwamini. Nilisema maneno mengi kuliko gapi watano wanavyostahili.

Jumamosi, 26 Julai

Nimehamishia pampu dirishani, ivute hewa ya nje. Nimebadilisha nusu ya maji mara mbili. Jioni nimetia gapi wawili. Nilipaswa kuanza na viluwiluwi. Nilikuwa na haraka ya kushinda ubishi.

Jumapili, 27 Julai

Wamekufa wote wawili. Walichukua muda mrefu zaidi kuliko wale wa kwanza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumanne, 29 Julai

Chupa sita kwenye dirisha la jikoni, zote maji ya ndoo, kila moja kitu kimoja kutoka tangini: mchanga, jiwe, kombe, kipande cha sponji, chembe ya silikoni niliyoikwangua pembeni, na ya sita maji matupu. Viluwiluwi watano watano.

Sponji: wote wamekufa. Mchanga: wote. Jiwe: wawili. Kombe: mmoja. Silikoni: watatu. Maji matupu: hakuna.

Nilikuwa tayari kumlaani muuza mchanga. Nikakumbuka kiroba kilichobaki chini ya ngazi. Mchanga ule ule, siku ile ile, sepetu ile ile. Nimeosha ngumi moja nikatia kwenye chupa. Wako hai mpaka sasa ninapoandika. Basi mchanga haukuja na sumu, umeipata huku ndani. Hata sponji, hata gundi. Kila kitu tangini ni mwathirika, na mwenyewe simwoni.

Chupa ya saba sikuiweka. Kifuko cha kokoto sikukipima. Nilikishona kwa mkono wangu, nilikifua mara tatu, kwangu hakikuwa kitu cha kushukiwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Mama amefika jana kutoka Korogwe, amekuja kutibiwa macho. Asubuhi nilikuwa nimetoa chujio lote nimeliweka kwenye karai barazani nalitazama tu. Akapita na kikombe chake cha chai.

"Baba, hicho kifuko si chandarua?"

"Ndiyo, mama. Cha zamani, kilichanika."

"Cha dawa?"

Nikanyamaza. Tulipewa kliniki, mama watoto akiwa na mimba ya binti yetu ambaye sasa ana miaka mitatu.

"Sisi walipotugawia vyetu," akasema, "walitukataza kuvifulia mtoni. Walisema vinaua samaki." Akanywa chai. Akaongeza kwamba waliambiwa pia wavianike kivulini, maana jua linaua dawa.

Mama yangu hasomi bila miwani, na ameona kwa sekunde kumi nilichokitafuta siku kumi na mbili. Chupa ya saba niliiweka hapo hapo, kwa heshima. Viluwiluwi watano na kipande cha chandarua cha ukubwa wa stempu, kilichokatwa kwenye kile ambacho hakijawahi kuingia tangini. Hawakumaliza hata saa moja.

Nimepiga hesabu. Lebo ya chandarua chetu imeshapotea, lakini vipo vyandarua vinavyotiwa deltamethrini miligramu 55 kwa kila mita moja ya mraba. Kifuko changu ni sentimita 20 kwa 40, yaani mita za mraba 0.08. Kikiwa kipya kingebeba miligramu 4.4. Tuseme kwa miaka mitatu imebaki sehemu moja ya kumi tu, 0.44. Igawe kwa lita 80: mikrogramu 5.5 kwa lita, kama yote ingeyeyuka. Haiyeyuki yote, nyingi hunata kwenye mchanga na sponji na plastiki, ndiyo maana kila chupa yenye kitu cha tangini ilikuwa inaua. Lakini deltamethrini humdhuru samaki hata ikiwa chini ya mikrogramu moja kwa lita.

Na kufua kwangu mara tatu? Vyandarua hivi vimetengenezwa vistahimili kufuliwa mara ishirini. Hiyo ndiyo sifa yake.

Dawa yenyewe ni ya jamii ya pareto, ua linalolimwa kwetu Nyanda za Juu Kusini, ila hii imeundwa maabara na hudumu kuliko ile ya ua. Inashika mishipa ya fahamu ya mdudu na ya samaki. Binadamu mwili wake unaivunja upesi, kwa hiyo mtoto analala chini yake salama. Konokono naye haimsumbui sana, na bakteria hana mishipa ya fahamu hata kidogo. Ndiyo maana mzunguko wangu ulikamilika vizuri ndani ya maji yenye sumu, na karatasi zikanipa sifuri safi.

Nimemwomba mama watoto radhi. Amekubali, kwa sharti kwamba sufuria mpya inunuliwe.

Jumapili, 3 Agosti

Kusafisha. Kwanza konokono: wamehamia ndoo ya stoo.

Maji ya tangi sikuyamwaga kwenye mtaro. Mitaro yetu inaishia Mto Msimbazi, na mto ule una mizigo yake ya kutosha. Nimeyamwaga taratibu juu ya udongo mkavu nyuma ya nyumba, penye jua. Dawa hii hunata kwenye udongo, haiendi mbali, na jua linaimaliza.

Sponji, kifuko, mpira wa hewa: takataka. Mpira wa hewa niliuonea huruma, lakini plastiki laini hunyonya dawa kisha ikaitoa kidogo kidogo. Mchanga wa zamani nao umekwenda, nusu ile ya chini ya ngazi inatosha. Mawe na makombe yako juu ya mabati, nayageuza asubuhi na jioni kama mtu anayeanika dagaa. Kile walichomkataza mama Korogwe ndicho ninachokifanya kwa makusudi: jua kali, muda mrefu.

Tangi nimelisugua kwa maji ya moto na magadi. Dawa za jamii hii hazipendi alkali ya magadi, huvunjika. Nimesuuza mara sita, nimeliegemeza juani mdomo wazi. Silikoni ndiyo inayonitia wasiwasi. Siwezi kuitoa bila kulibomoa tangi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonyesho, mimi nimejaza tangi tena. Kwenye chujio jipya nimeweka mkaa maalumu wa kuchujia, niliounyofoa kwenye chujio la maji ya kunywa la dukani. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo, ndugu yangu mmoja alishanishauri niutumie na nikamkatalia. Kokoto ziko kwenye soksi ya kike, mpya, iliyochemshwa. Muuzaji wa Kariakoo aliuliza saizi.

Alhamisi, 14 Agosti

Viluwiluwi kumi kwenye maji ya tangi, kumi kwenye maji ya ndoo. Asubuhi: kumi na kumi.

Sijashangilia. Mbu wa mjini wengi wamekwishazoea dawa hizi, na kilichobaki kidogo huenda wakakistahimili huku samaki asikiweze. Wakifa, una hakika. Wakiishi, una matumaini tu. Nimebadilisha mkaa, nasubiri.

Jumapili, 17 Agosti

Jamaa wa Kinondoni amenikamulia sponji lake kwenye chupa, maji ya kahawia kama chai ya rangi, yamejaa bakteria. Nimeyatia yote. Kuna hatari ya kubeba ugonjwa wa tangi lake, lakini tangi lake nalijua miaka minne na silioni likizika mtu.

Jumapili, 24 Agosti

Wiki nzima naendelea na ukucha wa chakula. Amonia haipandi juu ya 0.25, naitraiti 0.

Gapi wawili, saa tatu asubuhi. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya kioo mpaka adhuhuri. Wanakula mwani kwenye jiwe. Mmoja alipiga kioo mara moja, roho ikanitoka, kumbe ameona kivuli chake.

Jioni kijana aliniletea chupa ya viluwiluwi wa kupima tena. Kabla sijasema neno amewamimina tangini. Gapi wamewamaliza wote kumi kwa pumzi moja, kwa hiyo kipimo cha leo hakina majibu.

Jumatano, 27 Agosti

Gapi wawili, hai, jike ana tumbo. Konokono nilioweza kuwahesabu, thelathini na mmoja. Nimempigia jamaa wa Kinondoni kuuliza bei ya brevis. Amesema nimpigie Oktoba.

Kipande kikubwa kilichobaki cha chandarua Mama amekiomba aende nacho Korogwe, anataka kufunikia vitalu vya nyanya. Nimemkumbusha kisima kiko upande gani wa shamba. Ameniangalia tu.